Mbao Zinapendeza

Spika za marehemu Moriwaki zilifika nyumbani kwa Hirabayashi siku ya theluji nyepesi, zimelazwa kwenye lori la Kuze na kufunikwa mablanketi kama wagonjwa. Kuze alikuwa muuza sake hapo Ueda, mtu wa kicheko cha karibu, na wafanyakazi wake walizoea kubeba mapipa. Hata hivyo walipofika kizingitini walisita, wakatazamana.

"Hivi daktari Moriwaki alikuwa akisikiliza muziki au akifuga tembo?" mmoja akauliza.

"Beba wewe," Kuze akasema. "Huyo tembo ana pacha wake bado yuko garini."

Hirabayashi alikuwa ameushika mlango usijifunge. Alikuwa mzee mwembamba, mpima ardhi mstaafu, aliyeishi akiamini kwamba jambo lolote likipimwa kwa subira litajieleza lenyewe. Alikuwa amekwisha kupima ujia, kona yake, hata kimo cha fremu ya mlango wa ndani, na kweli masanduku yalipita bila kugusa mahali. Wabebaji walipomaliza waliinama, wakapewa chai na vipande vya tufaha, wakaenda kungoja garini. Kuze akabaki.

"Sasa wewe mwenyewe utakaa wapi?" akauliza, akichungulia chumbani.

Swali lilikuwa la haki. Chumba cha muziki kilikuwa kimoja tu katika nyumba ile, na ndicho pekee ambacho sakafu yake ilikuwa imeimarishwa kwa nguzo za zege chini ya mikeka. Ndani tayari zilisimama spika za Hirabayashi mwenyewe. Mtu asiyezijua angedhani ni makabati mawili ya nguo yaliyoota maua. Chini kulikuwa na sanduku la besi. Juu yake pembe ya mbao iliyopanuka taratibu hadi mdomo wake ukaweza kumeza mtoto aliyejikunja. Na juu kabisa pembe fupi ya chuma, iliyotoa zile sauti nyembamba za mwisho: matoazi, kucha za mpiga zeze, ule msasa mdogo unaosikika mtu akisema neno kama "asante". Za Moriwaki zilikuwa za ukoo huohuo, ila ndogo kidogo, na hata pembe zake za juu zilikuwa za mbao. Sasa jozi zote mbili zilisimama, moja mbele ya nyingine, na kati ya kiti na ukuta mtu alipita ubavuubavu.

"Ni kwa muda tu," Hirabayashi akasema. "Nitazisikiliza. Jozi moja itabaki."

"Mimi ningekuokolea muda. Za daktari zimelala. Zimelala tangu zamani, na sasa mwenyewe naye…" Kuze hakumaliza. Jicho lake lilikuwa limeangukia kijikabati cha kuwakumbukia marehemu upande wa pili wa ujia, mlimokuwa na picha ya Fumie, kikombe cha maji na majivu ya ubani wa asubuhi. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea picha, akavaa viatu, akaenda zake.

Fumie, mke wa Hirabayashi, alikuwa amefariki Februari iliyopita. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na siku hiyo mtawa angekuja kusoma sala, ndugu wangekaa, chakula kingeliwa. Baada ya hapo Hirabayashi alikuwa na jambo lake. Alikuwa na utepe. Aliurekodi majira ya baridi waliyooana, kwa mashine ya mtumba aliyoweka juu ya meza ya chakula. Ndani yake Fumie anaimba wimbo walioimba wasichana wa kiwanda cha hariri alikokuwa akifanya kazi, anacheka katikati, anaumalizia, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Basi, inatosha. Zima sasa." Hakuna kingine. Hirabayashi alikuwa hajaupiga tangu mazishi. Alichotaka kilikuwa kimoja: siku ya mwaka, Fumie asikike tena ndani ya nyumba yake, jinsi alivyokuwa. Wala si kwa mfano wake. Yeye.

Na kwa hilo alihitaji kujua ni pembe zipi zingemrudisha.

Spika za Moriwaki hakuziomba. Moriwaki, daktari wa meno na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa ametangulia kabla ya Fumie. Sasa mjane wake, Sadako, alikuwa anahamia kwa mwanawe huko Saitama, kwenye ghorofa yenye chumba cha kutosha kitanda na televisheni, na nyumba ya zamani ilikuwa inabomolewa. Alipiga simu akasema, "Shemeji, mimi siwezi kuona zikivunjwa. Zichukue usikilize. Usipozipenda uniambie tu, nitatafuta pengine." Mtu hakatai maneno ya namna hiyo.

Zamani walikuwa kundi. Jumapili mchana walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, kila mgeni na kiboksi chake cha keki za maharage, wakakaa kimya mbele ya pembe za mwenyeji hadi jua liguse milima. Baadaye mwenyeji aliuliza, "Mnaonaje?" na hapo ndipo adabu ilipofanya kazi yake. Kama sauti ilikuvutia, ulisema hivyo. Kama haikukuvutia, hukusema neno juu ya sauti. Ulisema, "Mbao zinapendeza." Mwenyeji aliinama, akashukuru, na Jumapili iliyofuata ungekuta amesogeza kitu au amebadilisha waya. Hakuna aliyewahi kugombana katika kundi lile.

Kwa Moriwaki pekee adabu hiyo ilikwisha, kwa sababu yeye alipenda kutaniwa. Miaka ya mwisho sauti ya pembe zake ilikuwa imefifia, kila mtu aliona hivyo. "Daktari," Kuze alizoea kusema, "spika zako umezipiga sindano ya ganzi?" Moriwaki alicheka hadi miwani ikateleza puani. "Ndiyo maana haziumi," alijibu.

Za Hirabayashi zilikuwa kinyume. "Hizi zina uhai," walisema wote, na yeye aliinama, akijua kwamba safari hii haikuwa adabu.

Aliendelea kama alivyofanya kazi zote. Kila asubuhi baada ya kunywa supu aliwasha ampilifaya, akaziacha taa zake zipate moto, akapiga santuri zilezile kwa mpangilio uleule, jozi moja kisha nyingine. Fidla. Kinanda. Mwanamke mwimbaji. Hakuharakisha kuamua. Ndipo siku moja akaosha mikono, akaikausha, akautoa utepe kwenye kopo lake.

Kwenye pembe zake Fumie alikuwa pale. Ulimi wake uligusa meno, pumzi yake iliingia kabla ya mstari wa pili, na alipocheka Hirabayashi aligeuka kwenye kiti kama mtu aliyeitwa. Alikaa muda kabla ya kuweza kuinuka abadilishe waya.

Kwenye pembe za Moriwaki aliimba mtu nyuma ya mlango wa karatasi. Ni yeye, ila mlango umefungwa. Na maneno ya mwisho, yale ya chini, yalizama yasisikike kabisa.

Alirudia kesho yake na keshokutwa. Matokeo hayakubadilika. Basi shauri limekwisha, akajiambia, na badala ya kufurahi aliona huruma kwa rafiki yake, aliyezijenga zile pembe kwa mikono yake, akakata kila ubao mwenyewe, na mwishowe akaishia na mlango uliofungwa.

Chizuru, binti yao wa pekee, aliwasili kwa treni kutoka Nagano siku kadhaa kabla ya kumbukumbu, na mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kazi, mzito wa maneno. Alimwashia mama yake ubani, akakunja vitambaa vya mezani, akakagua mboga za chumvi pipani, akasema zimekolea sana.

"Njoo ukae kidogo," Hirabayashi alimwambia. "Nataka usikie nitakachowapigia watu."

Akaketi kwenye kiti cha katikati. Baba yake alisimama nyuma, mkono kwenye mgongo wa kiti. Utepe ukaanza, Fumie akaimba mstari wa kwanza, na wa pili. Chizuru alikuwa ameinamisha kichwa. Kabla ya kicheko akainuka.

"Nina kitu jikoni," akasema.

Hirabayashi alizima. Maneno yale aliyajua. Kwa miaka mingi alikuwa ameyasikia kwa sauti nyingine, pale mlangoni, karibu kila alipowasha. Walipokuwa vijana Fumie alikaa naye hadi santuri iishe, miguu ameikunja ubavuni, soksi ya kushona mkononi. Kisha wakati fulani, hakujua lini hasa, alianza kuwa na kitu jikoni. Hirabayashi hakulalamika. Alidhani ndivyo ndoa zinavyozeeka: mmoja anabaki na muziki, mwingine anabaki na sufuria. Lakini alikuwa ameliweka moyoni, akaenda nalo hadi hospitali, na hata pale kitandani hakuliuliza.

Alimfuata Chizuru jikoni. Hakuna kilichokuwa kikichemka.

"Umemrithi mama yako," akasema. "Naye hakuupenda muziki."

"Nani kasema hakuupenda?"

"Alikuwa akikimbia."

Chizuru alikuwa akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Baba, inaumiza masikio."

"Nini?"

"Zile pembe. Kila mama akitamka 's' ni kama mtu anachana kitambaa sikioni mwangu. Sikutaka kusema."

"Kuze anasema hazina mfano. Wote walisema hivyo."

"Kuze ana miaka mingapi?" Chizuru akauliza taratibu.

Hirabayashi aligeuka. Alirudi chumbani, akaketi. Hakukasirika, hakuwa mtu wa hasira. Alifikiri labda masikio ya binti yake yameharibiwa na simu na kelele za mjini. Lilikuwa jambo linalowezekana, akaliweka kando, kama alivyoweka kando kipimo kimoja kisicholingana na vingine mpaka kipatikane cha pili.

Cha pili kilifika mchana uleule. Sadako alikuja kuaga, mwanamke mdogo wa kimo, koti kubwa kuliko yeye, na kiboksi cha keki za maharage mkononi kana kwamba ni Jumapili. Alipiga magoti mbele ya picha ya Fumie, akakaa hapo kitambo, akiongea naye kwa kunong'ona. Kisha akaomba aone spika za mumewe zimekaaje. Akazishika mdomo kwa kiganja kama mtu anavyomshika mtoto shavu.

"Umekwisha kuamua, shemeji?"

"Kwanza sikiliza," Hirabayashi akasema. Hakutaka kumwambia hapana ana kwa ana. Alidhani akimpigia utepe kwenye pembe zake kubwa, atajionea mwenyewe, na jibu halitahitaji mdomo.

Fumie akaimba. Sadako alikaa wima, mikono mapajani, uso umetulia kwa ule utulivu wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Aliumaliza wote. Akaziangalia zile pembe juu hadi chini, akatabasamu.

"Mbao zinapendeza sana," akasema. "Fumie alizitunza."

Hirabayashi alizima mashine.

"Shemeji," akasema, "unajua sisi tulikuwa tunamaanisha nini tukisema hivyo?"

Sadako alishika mdomo kwa vidole. "Samahani. Limenitoka."

"Unajua?"

"Wote tulijua. Sisi wake zenu jikoni tulikuwa tunawacheka. Mkisifu mbao tu, mwenye nyumba tunamkatia kipande kikubwa cha keki, ajipoze." Alicheka kidogo, kisha akaona uso wa Hirabayashi, akaacha. Chizuru alikuwa amekuja kusimama mlangoni.

"Na Fumie alijua?"

"Fumie ndiye aliyekuwa akikata keki."

Hirabayashi alikumbuka siku moja, baada ya Chizuru kuolewa. Alikuwa amebadilisha kitu, akamwita Fumie, akamuuliza anaonaje. Fumie alikuwa na kitambaa cha vumbi mkononi. Kila wiki alizipaka zile pembe mafuta ya kamelia, yaleyale aliyopaka nywele zake, na mbao zilikuwa zimekolea rangi ya chai. Alisimama akasikiliza kidogo, akasema, "Mbao zinapendeza." Hirabayashi akadhani anasifu kazi ya mikono yake mwenyewe. Hiyo adabu ilikuwa ya wageni. Hakufikiri kwamba mke wake, katika nyumba yake, angechagua kumwambia jambo kama mgeni.

"Kwa hiyo za Moriwaki," akasema polepole, "hazikulala."

"Mume wangu alikuwa na wagonjwa wanaopiga kelele siku nzima na mashine masikioni," Sadako akasema. "Siku moja akaniita, akasema, Sadako, mimi masikio yamechoka, sauti nyembamba hazinifikii tena, najua, nimeona kwa wagonjwa wangu jinsi mtu asivyojijua. Kuanzia leo utageuza wewe. Nikamwambia mimi sijui kitu. Akasema huhitaji kujua, geuza mpaka isikuume." Alizunguka nyuma ya spika, akainama kwa taabu, akaonyesha. Pembeni mwa kitufe cha kuzungusha cha ile pembe ya juu kulikuwa na tone jekundu, limekauka. "Rangi yangu ya kucha. Nilitia alama ili akisahau arudishe. Mwenyewe alikuwa akisema anasikia kama mtu yuko nyuma ya mlango. Lakini alikuwa akisema, angalau wewe umekaa."

Nyuma ya mlango. Hirabayashi alikaa kwenye kiti, kisha akainuka tena, akabadilisha nyaya.  Akaurudisha utepe mwanzo.

Kwenye pembe za Moriwaki, kwake yeye, Fumie alikuwa palepale nyuma ya karatasi. Safari hii hakusikiliza. Alimtazama binti yake. Chizuru alikuwa bado mlangoni, na mstari wa kwanza ulipoanza mabega yake yalishuka. Katika wa pili aliingia ndani, akakaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja ubavuni. Kicheko kilipofika alifunika uso kwa aproni, na Sadako akamsogelea, akamshika mgongo.

"Ni mama," Chizuru akasema ndani ya kitambaa. "Huyo ndiye mama."

Hirabayashi alimwacha alie. Aliponyamaza alimwomba jambo.

"Simama nyuma ya hizi za Moriwaki. Geuza hicho kitufe upendavyo, juu au chini, usiniambie. Mimi nitasema 'sasa' nikisikia kimebadilika."

"Baba, ya nini?"

"Nataka kujua."

Alipiga santuri ya fidla, akafumba macho. Alisubiri. Fidla ilipanda, ikashuka, ikamaliza. Hakuwa amesema "sasa" hata mara moja. Alipofumbua macho Sadako alikuwa anaangalia mikeka.

"Umegeuza?"

"Nimezima kabisa," Chizuru akasema. "Nikarudisha. Nikazima tena."

"Ahaa," Hirabayashi akasema.

Walijaribu na zake pia, kwa haki. Chizuru aligeuza pembe za chuma chini, kidogo kidogo, na utepe ukizunguka. Penye nafasi moja Fumie alichana kitambaa, penye nafasi ya chini yake alikuwa na mafua, na katikati hapakuwa na mahali ambapo alikuwa yeye. Chizuru alijaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hatimaye akauondoa mkono.

"Chuma ni chuma, baba."

Baada ya Sadako kuondoka, wakiwa wamekaa na miguu chini ya blanketi la meza fupi yenye kipasha-joto ndani, Hirabayashi aliuliza, "Mama yako alikuambia?"

"Kwa simu. Nilimwambia akueleze, achukue hata pamba azibe masikio. Akasema, baba yako akiwa mbele ya zile pembe ana uso wa kijana. Mimi naweza kukaa jikoni, pale mlango ukifungwa inasikika vizuri tu. Nikamwambia, mama, mwambie. Akasema, nimekwisha kumwambia, hakusikia."

Hirabayashi aligeuza kikombe mikononi. Chai ilikuwa imepoa.

"Kumbe alikuwa akisikiliza," akasema.

"Kila siku. Alikuwa anajua kila santuri."

Kwa hiyo shauri alilodhani limekwisha likafunguka upya, na sasa lilikuwa gumu kwa namna ambayo hakuna kipimo kingeligusa. Sauti ya Fumie ilikuwa ndani ya pembe za Moriwaki, lakini Hirabayashi mwenyewe hangeisikia. Katika pembe zake angemsikia hadi siku yake ya mwisho, ila yule asingekuwa Fumie. Lilikuwa jambo lililotengenezwa na uziwi wake. Na bado zile mbao. Miaka yote ile, kila wiki, viganja vya Fumie vilipita juu ya kila mpindo. Kama kulikuwa na kitu kilichobaki na mguso wake katika dunia hii, kilikuwa ni midomo ile miwili ya rangi ya chai. Alichoweza kukisikia si cha Fumie, na alichoweza kukishika ndicho kingebidi kiondoke.

Asubuhi alichukua chupa ya mafuta na kitambaa, akaanza kuzipaka. Mafuta yalikaa mabaka mabaka, hapa mengi, hapa hayakushika. Alisugua, yakazidi. Chizuru alimkuta amepiga magoti mbele ya pembe, ameshika kitambaa kilicholowa.

"Si hivyo," akasema, akapiga magoti karibu naye. "Alikuwa anayapasha moto kwanza." Akamimina tone kiganjani, akasugua mikono pamoja, akaiweka juu ya mbao bila kitambaa. "Hivi. Mpaka iingie."

Walipaka pamoja, kila mmoja na pembe yake. Harufu ya nywele za Fumie ilijaa chumbani. Hirabayashi hakuharakisha. Alipofika mwisho wa mdomo alirudi mwanzo, akapaka tena.

Kuze alikuja na lori mchana. Alikuwa amekubali kuzihifadhi kwenye ghala lake, kati ya mapipa, mpaka apatikane mtu mwenye chumba.

"Hira, umerogwa," akasema, alipoona ni zipi zinatoka. "Unabaki na zilizolala?"

"Nabaki nazo."

"Hizi zako ndizo zilikuwa na uhai. Wewe mwenyewe unajua."

"Kuze, mkeo ukiwasha muziki anakaa wapi?"

"Mke wangu? Jikoni. Amekuwa jikoni tangu tuoane."

"Muulize kwa nini."

Kuze alicheka, akangoja mwenzake naye acheke. Hirabayashi alikuwa akitazama mablanketi yakifungwa kamba juu ya pembe zake. Kicheko cha Kuze kilipungua polepole. Akaingia garini, akakaa na mikono kwenye usukani kitambo kabla ya kuwasha.

Siku ya mwaka mtawa alisoma sala, ubani ukawashwa, kila mmoja kwa zamu. Walikuja dada yake Fumie, Chizuru na mumewe, Sadako aliyeahirisha kuhama kwa ajili hiyo, na Kuze, safari hii na mkewe, mwanamke mnene mkimya aliyeketi karibu na mlango kwa mazoea. Baada ya chakula Hirabayashi aliwaomba waingie chumba cha muziki. Kilikuwa kikubwa ghafla. Kwenye mkeka, mahali ambapo spika zake zilisimama, kulikuwa na alama mbili za mraba, zimedidimia, na majani ya mkeka hapo, yasiyopigwa jua, bado ya kijani.

Hakukaa kwenye kiti cha katikati. Alimkalisha hapo shemeji yake, yule dada, naye akasimama kando ya mashine. Kabla ya kuwasha alikagua tone jekundu nyuma ya kila spika. Vitufe vilikuwa mahali pake.

Utepe ukazunguka. Nyuma ya karatasi, mbali, mtu aliimba wimbo wa kiwanda cha hariri. Hirabayashi alitazama nyuso. Dada yake Fumie alifungua mdomo kana kwamba anataka kuitikia. Mke wa Kuze, pale mlangoni, alikuwa ameacha kuushika mlango. Alisogea ndani hatua kwa hatua, akakaa, na Kuze alikuwa akimtazama mkewe badala ya spika. Kila uso ulikuwa umeelekea mahali pamoja, kati ya pembe mbili, kwa kimo cha mwanamke aliyekaa. Hirabayashi naye alitazama hapo.

Walipocheka alijua kwamba Fumie amecheka. Wimbo ukaisha. Alisubiri yale maneno ya chini, akainamisha kichwa, akaweka hata kiganja nyuma ya sikio, akasikia mvumo wa utepe tu. Labda yamepita. Labda bado. Aliendelea kusimama, mkono wake ukielea juu ya swichi, na watu wakaanza kumtazama.

Chizuru aliinuka kutoka alipoketi, akamshika upindo wa koti.

"Baba," akasema, karibu na sikio lake. "Amesema uzime sasa."

Hirabayashi akazima.